Ghala la Wimbi

Jirani yangu akikaanga wimbi asubuhi, mimi nafunga dirisha. Sijawahi kumweleza kwa nini.

Mwaka mmoja, nilipokuwa mtoto, baba alipanda tumbaku mpaka karibu na mlango wa jiko, hata kwenye shamba la wimbi la mama. Majani yalining'inia katika banda la kukaushia, na moto wake haukutakiwa kupoa, kwa sababu yakipata baridi yanakuwa meusi na mnunuzi anayakataa. Miti yetu ilikuwa imeshaliwa na moto huo, na vichaka vya kando ya njia iendayo Mwello pia. Kuni zikatuishia kabla majani hayajakauka.

Baba alizunguka ua, macho mekundu kwa moshi, kisha akasimama mbele ya ghala la wimbi ambalo babu alilisuka kwa fito.

"Mama watoto," akasema, "nipe hili."

Mama alikuwa amempakata mdogo wangu. Hakuinuka. "Chukua tu. Kwani ndani mna nini?"

Akalivunja kwa shoka. Fito zilikuwa zimeshiba vumbi la wimbi la miaka mingi, na zilipoingia motoni, harufu ya nafaka ikaangwayo ikajaa ua mzima. Tumbaku ilitoka nzuri msimu ule, ya manjano kama ndizi mbivu.

Mdogo wangu aliteremka mapajani, akaenda kuchukua kibuyu chake cha uji, akaketi mbele ya banda akingoja.