Kaka Yangu Hakukimbia

Baba alikuwa bwana shamba, na serikali ilimleta Kigoma kutoka Moshi akiwa bado kijana. Alizoea kila kitu cha huku, samaki wa migebuka, mafuta ya mawese, hata joto la Ujiji, lakini kuachana na mbege, pombe ya kwao, alikataa katakata. Ndizi zilikuwa za kumwaga, na ulezi haukumpiga chenga. Kilichomsumbua ni msesewe, lile gome chungu linaloipa mbege ukali wake, ambalo huku hakulipata. Basi ndugu zake wakawa wanamtumia kwa mtu yeyote anayekuja na treni. Furushi likifika, baba alilifungua kwanza kabla hata ya kumuuliza mgeni habari za safari.

Jumapili tukitoka kanisani, kata ya mbege ilizunguka mezani. Alianza yeye, ikaenda kwa mgeni kama yupo, kisha kwa kaka yangu, kisha kwangu. Wakati ninaousimulia kaka alikuwa na miaka kumi na sita, na mimi ndiye niliyemfuata. Tulipewa mafunda mawili matatu tu, basi. Mama hakugusa. Mama ni Muha wa Kasulu, kalelewa na walokole, na kwao pombe haikuingia mlangoni. Alikaa nasi pale pale, kakunja uso, akituangalia kila tulipomeza.

“Unawaharibu,” alimwambia baba.

“Nawalea. Watakunywa tu hawa, mama watoto. Bora wanywe nikiwaona.”

Mwalimu mkuu wa shule yetu alipomfuata kumwambia kwamba sheria hairuhusu, baba alikuwa na jibu tayari, jibu alilolipenda kupita kiasi. Sheria, alisema, inakataza kumuuzia mtoto pombe. Baba na mwanawe mezani kwao haiwahusu. “Aliyeuza ndiye mwenye kosa. Mimi nauza?” Akacheka sana, na mwalimu mkuu akaishia kuonjeshwa mbege. Jibu hilo alilirudia kila mahali, kanisani, ofisini, hata kwenye misiba, mpaka mji wetu mdogo wa Mwandiga mzima ukalijua.

Kwetu sisi watoto alikuwa na amri moja. “Kunywa mbele yangu. Siku nikikukuta umejificha nitakuchapa, na sitakuchapa kwa sababu ya pombe, nitakuchapa kwa kujificha.” Nitasema kweli: amri ile ilifanya kazi. Wenzetu walikunywa gongo vichakani, wakatapika, wakaenda kudanganya kwao kwamba wamekula dagaa walioharibika. Kaka yangu hakujua kudanganya. Ukiuliza nani kavunja glasi, alijibu hujamaliza swali. Wakati mwingine alinikera kwa jambo hilo, kwa sababu mara nyingi glasi tulikuwa tumeivunja pamoja.

Tuliishi Mwandiga, kando ya barabara iendayo Kasulu. Miaka ile barabara ilikuwa ya wakimbizi. Walivuka ziwa kutoka Burundi, wakashushwa ufukweni, wakapakiwa kwenye malori, na malori yakapita mbele ya nyumba yetu kwenda kambini. Sisi watoto tuliwapungia mkono, wengine wao wakatupungia. Baadaye baadhi yao walianza kurudi kimyakimya kutafuta riziki mjini, ingawa kukaa nje ya kambi bila kibali kulikatazwa.

Mmoja wao alikuwa mwanamke mjane aliyepanga chumba nyuma ya kwetu, na watoto wake, mkubwa wao msichana wa rika langu. Yule mjane alizungumza Kirundi, mama akamjibu Kiha, wakaelewana tangu siku ya kwanza kama waliochota maji kisima kimoja. Mama akatuagiza tumwite mama mdogo. Huyo mama mdogo alipika impeke, pombe ya mtama, akaiuza uani kwake. Mama yangu, mlokole mzima, alikwenda kukaa naye karibu kila siku kando ya vyungu vile, akidai amefuata mazungumzo. Nilimtania kwamba siku moja atarudi anapepesuka, akanifinya shavu.

Jumamosi moja alasiri kaka alitoka kucheza mpira na wenzake, akaingia uani kwa mama mdogo, akaomba impeke.

“Wewe mtoto, rudi kwenu,” alimwambia.

“Baba ananiruhusu, mama mdogo.”

Na ilikuwa kweli. Hakuna asiyejua. Mama mdogo akamtilia kikombe, akapokea pesa yake kama alivyopokea ya mtu mwingine, na wenzake nao wakaingia kwa mgongo wake. Haukupita muda mgambo wakatokea pamoja na askari polisi. Uani pakalipuka. Watu wazima walikimbia, wenzake kaka waliruka ua, na yule msichana aliwakusanya wadogo zake akatokomea nao migombani hata kabla mtu hajapiga kelele. Mama mdogo hakuwahi, kwani mikononi alikuwa na chungu cha moto. Kaka yangu alibaki ameketi kwenye benchi, kikombe mkononi.

“Shikamooni,” akawaambia mgambo.

Nikisimulia hapa watu hucheka. Hata mimi hucheka kidogo.

Kaka na mama mdogo walipelekwa ofisini kwa mtendaji wa kata, nasi tukawafuata, baba, mama na mimi. Watoto wa mama mdogo, mama yangu alikuwa amekwisha kuwakuta migombani, akawaficha jikoni kwetu na kuwaachia viazi vya kuchemsha. Mtendaji alikuwa mtu mpole, tena rafiki wa baba, na niliona wazi kwamba kazi ya siku ile hakuipenda. Akatueleza taratibu. Suala la kibali, wengi wanaishi hivyo na yeye hajawahi kuwasumbua. Kupika pombe bila leseni, angempa onyo. Ila kumuuzia mtoto, na askari wamemkuta mtoto mwenyewe na kikombe, hapo hana pa kufumba macho. Likithibitika hilo, mama mdogo anarudishwa kambini na lori la kwanza.

Mama alidaka pale pale. “Kumuuzia? Huyu ni mama yake mdogo. Kampa tu, kama mtu anavyompa mtoto wa dada yake.”

Mtendaji alinyanyua uso. Nilimwona akilipokea lile neno kwa furaha. Akamgeukia kaka na kumuuliza kwa sauti ya kubembeleza, sauti ya mtu anayemwekea mwenzake jibu mdomoni.

“Eti kijana, ulipewa au ulinunua?”

Kaka akamtazama baba. Baba angeweza kukohoa. Angeweza kukunja uso, kaka angeelewa. Baba akainamisha kichwa akatazama sakafu.

“Nilinunua,” kaka akasema.

Mama mdogo, pale kwenye benchi la ukutani, alifunga kitenge chake upya. Baba ndiye aliyesimama. “Niandikeni mimi. Mimi ndiye niliyemzoesha. Kama kuna kosa, ni la kwangu.”

“Mzee,” mtendaji akamwambia, bila kejeli hata kidogo, “si wewe uliyetufundisha kwamba aliyeuza ndiye mwenye kosa? Wewe huuzi.”

Baba alibaki amesimama hivyo hivyo, mkono hewani, hadi mama akamshika akamkalisha. Mama mdogo akaandikiwa kurudishwa kambini.

Jioni ile mama alipasuka. Hakupiga kelele, na ndiyo maana tuliogopa. “Ninyi na ukweli wenu mmerudi kulala vitandani kwenu,” aliwaambia baba na kaka. “Aliyelipa ni mwenzenu.” Nilikuwa upande wake kabisa. Niliwachukia wote wawili kwa siku nyingi, na kaka nilimchukia zaidi, kwa sababu neno moja tu, “nilipewa”, lingetosha. Kisha nilimkuta nyuma ya nyumba analia peke yake, amejifunika uso na shati, nikashindwa kuendelea kumchukia.

Sasa nina watoto wangu. Wa kwanza amefika umri ule, na sikukuu ikifika huomba bia. Mume wangu husema mpe kidogo, anywe tukimwona, na mimi hupiga danadana. Sidhani kama baba alikosea juu yetu. Mimi na kaka hatukuwa walevi, na hadi leo tunaambiana mambo yanayowashinda ndugu wengi. Alichosahau baba ni kwamba ruhusa yake haikubaki mezani. Kaka alitoka nayo mdomoni, akaenda kukaa nayo kwenye benchi la mtu asiyekuwa na wa kumtetea. Hilo ndilo linalonichelewesha kila mwanangu anapoomba.

Wiki moja baada ya siku ile ya ofisini, baba aliomba kibali cha kuingia kambini, tukawapeleka watoto kwa mama yao. Tulimkuta kwenye kibanda cha udongo kilichoezekwa turubai. Alimkumbatia mama, wakashikana muda mrefu wakisalimiana, “Amahoro, amahoro,” kisha akawavuta wanawe mmoja mmoja akiwakagua kama waliotoka vitani. Tukaketi wote kwenye mkeka, akatugawia uji.

Kaka aliweka kikombe chini. “Nisamehe, mama mdogo.”

“Mwana wanje, mwanangu, umesema kweli. Kusema kweli nako mnaombea msamaha?” Akamgeukia baba. “Mzee, usije ukampiga huyu kijana. Mmemlea vizuri.”

Baba alitaka kujibu. Hapo hapo gari likasimama nje. Mimi nililisikia baadaye, nilipoona watoto wa mama mdogo hawapo tena mkekani. Walikuwa wamekwisha kufika mlango wa nyuma, mkubwa kambeba mdogo mgongoni, vikombe vyao vimeachwa wima, hakuna hata tone lililomwagika. Sisi tulikuwa tumeketi vile vile. Kaka alikuwa anakunywa uji.

Mama mdogo akacheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na jambo la aibu.

“Unaona, Mzee? Wako anakaa. Wangu niliwafundisha kukimbia hata hawajajua kuongea.”

Nje gari likawaka tena, likaondoka. Lilikuwa la maji tu. Watoto wakarudi mmoja mmoja, wakachukua vikombe vyao, wakaketi. Baba alikuwa ameinuka kwa maneno yale, amesimama katikati ya kibanda, kichwa kikigusa turubai. Mama akamvuta shati akimwambia akae, na yeye akabaki amesimama, akiwatazama watoto wale.