Mzee Komeo Awahi Misa Yake

Baba yangu siku sita alikuwa fundi viatu, siku ya saba alikuwa mlango. Sina namna nyingine ya kusema. Kanisani kwetu yeye ndiye aliyeshika ufunguo, na wimbo wa mwanzo ukiisha tu, anasukuma komeo. Ukichelewa, utasali nje na kuku wa jirani. Ukibisha hodi, anakujibu kwa sauti ya chini: "Mahubiri yakiisha." Ndiyo maana wakamwita Mzee Komeo. Ndoa yangu ilifungwa katika misa ya Jumapili, shela ikanichelewesha, akanifungia nje mimi bibi harusi huku bwana harusi akitoka jasho ndani.

Basi alipofariki, nililia kama watu wote, na juu ya kilio nikawa na hofu. Sisi wengine wa ukoo ule hatuwahi popote. Nilijua watu wangekuja kutazama kama Mzee Komeo atachelewa misa yake mwenyewe, na wale aliowafungia nje wangekaa viti vya mbele.

Padre akatupangia misa saa nne. Nikachagua masomo mafupi, nikamwendea mwalimu wa kwaya nikamwomba wimbo wa mwanzo uwe mfupi.

"Mama, wimbo huu una beti saba, na zote zina maana."

"Chagua zenye maana zaidi."

Kuleta jeneza ilikuwa kazi ya mdogo wangu, tunayemwita Kesho. Nikamwambia misa ni saa tatu, nikajiona mjanja. Kumbe naye alimwambia dereva saa mbili. Na dereva, kwa kuwa anatujua, akaja alfajiri.

Jua halijapanda vizuri, tuko mbele ya kanisa, sisi na marehemu. Mlango umefungwa. Padre amelala kigangoni, kijiji cha mbali, na ufunguo wake. Dereva akalishusha jeneza barazani, juu ya viti viwili, akaenda safari nyingine.

"Dada, leo tumewahi mpaka tumepitiliza," Kesho akasema. "Ngoja nikanywe chai."

Alipokata kona, mvua ikaanza. Baraza lenyewe jembamba, matone yakaanza kugonga kifuniko.

"Mama, ufunguo wa baba uko wapi?"

Mama akatazama mawingu.

"Mama!"

"Nimemwekea."

"Umemwekea wapi?"

"Mfukoni. Maisha yake yote hajaenda kanisani bila ufunguo, leo ndiyo nimwaibishe?"

Mume wangu ghafla akavutiwa sana na ukuta. Nikaelewa kwamba wa kuuchukua ni mimi. Nikainua kifuniko.

"Shikamoo baba. Nisamehe."

Mfuko wa kushoto, rozari na peremende. Wa kulia, ufunguo.

"Usimvuruge tai," mama akasema.

Tukaingia, tukamweka mbele ya altare, tukawasha mshumaa. Padre alipofika alisimama kidogo akashangaa.

"Lakini mama, nilitakiwa nimpokee mlangoni."

"Padre," mama akamjibu, "mlangoni yeye ndiye huwa anakupokea wewe."

Saa nne kanisa limejaa pomoni. Kwaya wakaimba beti zote saba, na ile ya mwisho wakairudia. Walipomaliza tukakaa. Padre hakuanza. Watu wakageuza shingo nyuma, mmoja mmoja, kuelekea mlangoni. Ndipo nilipotambua: walikuwa wanasubiri komeo. Nilikuwa nimepanga masomo, maua, nyimbo na wabeba vipaji, na wa kufunga mlango sikumpanga.

Mama akanitazama. Nikainuka, nikatembea mpaka nyuma, nikasukuma. Komeo likalia mlio wake uleule, na kanisa zima likashusha pumzi.

Mara ngo, ngo, ngo.

"Dada! Ni mimi! Chai ilikuwa ya moto! Nifungulie, jamani, mvua!"

Macho yote kwangu. Mkono wangu uko kwenye komeo.

"Dada, ni baba yangu mimi pia!"

Nikainamisha mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Mahubiri yakiisha," nikamwambia.

Kule mbele mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, mpaka alipogeuka nikaona anacheka, khanga imejaa mdomoni. Padre akasubiri amalize, kisha akafanya ishara ya msalaba.