Waziri Mkuu wa Mwigobero

Juzi pale Mwigobero, kando ya ziwa, nikisubiri boti, nilikaa jirani na dada muuza dagaa aliyezama kwenye simu. Akaniambia ni mchezo wa mtandaoni: watu wasiojuana wanaunda nchi na kupigiana kura. Yeye ni waziri mkuu, na wabunge wanataka kumng'oa.

"Unawatukana?" nikamuuliza.

"Nilikuwaga natukana, nikashindwa uchaguzi. Siku hizi namfuata mmoja mmoja, namuuliza kimemuudhi nini."

Punde akacheka, kura zimetosha, amebaki. Hapo hapo akamteua mpinzani wake mkuu awe waziri wa fedha.

"Ungegombea uongozi wa soko," nikasema.

"Niligombea, mzee. Nilipita meza kwa meza nikiwasikiliza. Wakaniuliza soda iko wapi."

Nami, niliyewahi kunywa soda za wagombea, nikageukia ziwa.