Mwamba wa Wenyewe

Leonardi wa Bangwe alizamia ziwani miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuvua samaki hata mmoja wa kuliwa. Yeye alivua samaki wa mapambo, wale wadogo wa miambani, wanaofungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye hewa na kupelekwa Ulaya wakakae sebuleni kwa watu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kuzamia. Majirani wakimtania kwamba anauza samaki asiyetosha kitoweo cha paka, alicheka na kujibu, "Ziwa hili halina mwisho, bwana. Ukitoa kumi, wanazaliwa ishirini."

Alikuwa na mwamba wake, ng'ambo ya rasi, wenye samaki weusi wa mkanda wa manjano ambao huwaoni kwingine kokote. Aliuzungushia wavu kama ua, akawaswaga ndani, mwaka baada ya mwaka. Walipopungua alilaumu mwezi, akalaumu upepo, akalaumu hata macho yake. Mikono yake hakuilaumu kamwe. Ndivyo tulivyo binadamu.

Mkewe Inamahoro, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, hakuwahi kuingilia kazi hiyo. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Marcelina, akaishi siku saba. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, na mtaa mzima ulishalisahau jina hilo. Inamahoro peke yake ndiye aliyeendelea kumwita mumewe Baba Marcelina.

Siku moja gari la tajiri aliyekuwa akinunua samaki wake lilichelewa, Leonardi akaja nyumbani na beseni lenye samaki mmoja, jike. Ndiye pekee aliyempata asubuhi nzima. Inamahoro akainama kumtazama. Samaki akafungua kinywa, vikatoka vitoto, vidogo kama punje za mchele. Inamahoro alipogusa beseni, vyote vikakimbilia kinywani mwa mama yao, naye akafumba.

Inamahoro akaangua kilio.

"Baba Marcelina, huyu mrudishe kwao."

"Mke wangu, tajiri anamsubiri."

"Mrudishe. Sijakuomba kitu tangu tumzike mwanetu."

Na kweli hakuwa amemwomba. Leonardi akamtia samaki kwenye ndoo, akapanda mtumbwi. Lakini upepo ulikuwa umechafuka na rasi ilikuwa mbali, akajiambia kwamba maji ni maji na mwamba ni mwamba. Jamani! Mtu aliyejua kuliko sisi sote kwamba kila mwamba una wenyewe, maana ndivyo alivyowauza, kila mwamba na samaki wa rangi yake. Akamshusha kwenye mawe ya karibu.

Akavaa miwani ya kuzamia, akazama kumtazama. Wenyeji wakatoka mapangoni. Wakamkimbiza mgeni, wakamng'ata mapezi, wakamrudia tena. Samaki wa namna ile hupigana kwa kinywa, na chake kilikuwa kimejaa watoto. Hakukifungua. Leonardi alipiga mikono majini kuwafukuza, wakatawanyika, wakarejea. Alipofaulu kumkinga viganjani, samaki alikuwa amekwisha kufa. Hapo ndipo kinywa kilipolegea, vitoto vikatoka kimoja kimoja, na wenyeji walikuwa wakingoja.

Leonardi alilia ndani ya miwani mpaka akawa haoni.

Nyumbani Inamahoro alimpokea ndoo mlangoni. "Umewafikisha kwao?"

"Nimewafikisha."

Kesho yake alikwenda kwenye mwamba wake wa siku zote. Mawe yalikuwa yameota ukoga mrefu, kwa kuwa hapakuwa na samaki wa kuula. Aliuzunguka mara tatu asione hata mkanda mmoja wa manjano. Tangu siku hiyo hajazamia. Anauza mawese sokoni Gungu.

Beseni lile bado lipo, Inamahoro huoshea mboga. Mara nyingine husimama nalo mkononi.

"Sasa watakuwa wamekua, Baba Marcelina?"

"Wamekua."

"Urakoze," humshukuru kwa Kirundi, na Leonardi humgeuzia lile sikio lililokufa.