Sakafu Nyekundu na Moto wa Mzazi

Mahindi ya bisi yakianza kulia kwenye sufuria, mimi huondoka jikoni. Wanangu hunicheka, husema mama yao, mtu mzima na akili zake, anakimbia mahindi. Nawaacha wacheke. Hawajui jinsi sakafu inavyolia ikipata moto: kwanza kimya, halafu mlio mmoja mkavu ambao unausikia kifuani kabla ya masikioni, na vipande vinaruka.

Tulikuwa tukikaa Nyamigogo. Baba alikuwa mwalimu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huko Biharamulo na ng'ombe wao. Alijenga nyumba yetu kwa mkopo wa benki, na benki ikamlazimisha kuikatia bima, jambo lililowafanya majirani waulize kama siku hizi nyumba nazo zinaugua. Sebuleni alimwaga sakafu ya saruji, akaipiga niru nyekundu, ule utando laini wa saruji ya rangi. Mama aliisugua mpaka ukiinama unaona uso wako umeiva kama nyanya. Viatu vilibaki nje, kuku walitukanwa wangali uani, na hata padri alipokuja kubariki nyumba alizitazama soli zake kwanza.

Mama alijifungua mdogo wangu wa kiume msimu wa mvua, na bibi mzaa mama akaja kutoka Bugarama, kule Ngara, kumtunza. Nilimpenda Bibi kupita kiasi. Tulilala kitanda kimoja, nami nilisinzia pua yangu ikiwa kwenye kanga yake iliyonuka moshi. Kwao mwanamke aliyetoka kujifungua, yaani mzazi, hawekwi kwenye baridi. Moto unawashwa humo humo alimolala, na mtoto anapashwa joto kwa moto huo huo. Bibi alifanyiwa hivyo na mama yake, naye akamfanyia Mama nilipozaliwa mimi, katika nyumba ya udongo. Kwa hiyo asubuhi moja, mvua ikimwagika na Baba akiwa shuleni, aliingiza mafiga sebuleni, akayapanga katikati ya ile niru, akawasha kuni. Mama alikuwa amesinzia kwenye godoro pembeni. Mimi nilifurahi kwelikweli, maana miguu yangu ilikuwa imeganda.

Kuni zilikuwa zimeshika vizuri sakafu ilipolipuka. Kipande kimoja kilipiga ukuta juu ya kichwa cha Mama, kingine kikatua kwenye blanketi la mtoto. Mtoto hakulia. Hicho ndicho kilichotutia hofu kuliko mlio wenyewe. Bibi alimnyakua, akamgeuzageuza, akampapasa kichwa chote, hakuona hata mkwaruzo. Ndipo mtoto akalia, na sisi sote tukalia naye. Moto ulipozimwa, katikati ya sebule palikuwa na shimo la ukubwa wa ungo, na kutoka hapo ufa ulikuwa umekimbia hadi mlangoni.

Baba aliporudi alisimama akalitazama shimo, akatoka bila kusema neno. Asingeweza kusema. Mama mkwe hakaripiwi, wala hasemeshwi ovyo. Bibi akiwa sebuleni, Baba alizungukia mlango wa nyuma. Wakikutana uani, kila mmoja alijitafutia kitu cha kutazama mbali. Maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mwambie bibi yako chai iko tayari," Baba angesema, na Bibi amekaa pale pale anasikia. Nami ningegeuka, nirudie yote kwa sauti kubwa, nikijiona mtu muhimu sana katika nyumba ile.

Lakini jioni hiyo nilimsikia Baba chumbani akimwambia Mama, "Bima wasipolipa, mama yako arudi kwao. Nitampeleka mwenyewe Lusahunga apande gari. Siwezi kukaa na mtu atakayetuunguza." Mama alianza kumbembeleza mtoto, ingawa mtoto hakuwa akilia. Mimi nilirudi kitandani nikaishika kanga ya Bibi kwa mikono yote miwili.

Baba alipiga simu kwa watu wa bima. Walimwambia afisa atakuja kuona, na kwamba moto wa bahati mbaya unalipwa, ila moto wa makusudi haulipwi. Akaniita nyuma ya nyumba.

"Mwambie bibi yako, akiulizwa, aseme ilikuwa bahati mbaya. Basi, asiongeze kitu. Na wala si uongo. Nani alijua saruji inalipuka?"

Nilimkuta Bibi akichambua maharage, nikamweleza. "Nimesikia," akasema bila kuinua macho. Nikakimbia kumwambia Baba amekubali.

Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Kila pikipiki ilipolia barabarani nilikimbilia dirishani. Bibi hakuwasha moto tena. Alimviringisha mtoto kwa kanga zake zote, na mtoto akipiga chafya, Bibi alifumba macho. Hakuna aliyelikanyaga lile shimo. Tulilizunguka, hata Mama, ambaye bado alitembea kwa shida.

Afisa alikuwa kijana mwembamba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo tu Mama akampenda. Alipiga picha shimo, akapima ufa kwa utepe, akagonga sakafu kwa funguo akisikiliza. Baba alisimama nje dirishani kwa sababu Bibi alikuwa ndani, amempakata mtoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Poleni kwa ajali."

"Ajari gani?" Bibi akauliza; l ya Kiswahili ilimgeukia r mdomoni.

"Huu moto. Ulikuwa wa bahati mbaya, siyo?"

Bibi alimvutia mtoto kifuani. Niliona vidole vya Baba vikishika nondo za dirisha. Moyoni nilikuwa nikimwomba Bibi: sema, sema tu, ni maneno mawili.

"Hebu rudia," akasema.

"Bahati mbaya, bibi."

"Usiniretee maneno hayo juu ya mtoto." Sauti yake haikupanda. "Moto wa mzazi hauitwi bahati mbaya. Huyu amekuja kwa bahati njema. Moto niriuwasha mimi, kwa mikono yangu hii, kama nirivyomuwashia mama yake. Andika hivyo."

Kijana alitazama dirishani, kisha akamtazama Bibi. "Bibi, nikiandika hivyo hamtalipwa."

"Sakafu watu wataitengeneza. Mtoto akiitiwa bahati mbaya hata ubatizo hajapata, nani atamtengeneza?"

Kijana aliandika. Alipoondoka hakuna aliyemsindikiza, na kwetu hilo si jambo dogo. Bibi alimrudisha mtoto kwa Mama, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake, kama aliyeyasikia maneno ya Baba ya jioni ile. Nilisimama mlangoni nikilia bila aibu. Mama alikuwa akiita, "Mama, subiri. Mama, tafadhali," na Bibi anaendelea kukunja.

Ndipo Baba akaingia kwa mlango wa mbele. Alivuka sebule, akasimama karibu na chumba, ameupa mgongo mlango na kuutazama ukuta.

"Mwambie bibi yako," akaniambia, kisha akakwama. Akakohoa. "Mwambie mtoto anapiga chafya. Kuni za hapa zimelowa, naenda kutafuta kavu. Awashe humo humo shimoni. Chini pale ni udongo mtupu, hapawezi kupasuka tena."

Nilijaribu kurudia, kwikwi zikanizidi. Haikuwa na haja. Bibi alikuwa amekwisha kaa kitandani, kanga mapajani, anafuta macho.

Bima hawakulipa, na moto ukawaka katikati ya sebule yetu nyekundu hadi mvua zilipoisha. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Baba aliililia niru yake, kisha akamhurumia mkwewe. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza ndipo Mama aliponiambia kwamba siku zile Baba alikuwa akiamka mara kwa mara kuweka kiganja kifuani mwa mtoto, aone kama kinapanda. Kipande kilichotua kwenye blanketi hakikumtoka akilini. Lakini mtu atamwambiaje mama mkwe, "Ulikaribia kumuua mwanangu"? Neno hilo halina mdomo wa kulisema, hata wa mtoto wa kutumwa. Sakafu ilisemeka. Akaidai sakafu, akaidai kwa nguvu zake zote, mpaka siku ile dirishani alipomsikia Bibi akimwogopea mtoto yule yule.