Tanuri la Chuma Katika Shamba la Miwa

Nilipohamishiwa Kilosa kuwa afisa utamaduni, mihadhara ya mambo ya kale ilikuwa ikifanyika ukumbini, mbele ya viti vitupu na wazee wachache waliosinzia. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ya Mikumi, ambayo zamani yalikuwa na chumvi na viberiti tu, yalijaa redio na mitumba, na kila aliyepata jenereta alifungua kibanda cha video. Sikuona sababu ya kuwalaumu watu. Kama walikuwa vibandani, mimi ningewafuata vibandani.

Mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote pale Mikumi alikuwa mjukuu wa kibarua wa reli, mtu mnene, mwepesi wa kucheka. Nilimwomba muda kidogo Jumamosi alasiri, kabla ya filamu ya kareti, nionyeshe slaidi zangu ukutani.

"Picha za nini, dada?"

"Za mavi ya chuma."

Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Hapo watakuja. Lakini wakianza kuzomea, nakuzimia mashine."

Na kweli walizomea. Picha ya kwanza ilikuwa haijatulia ukutani nikasikia, "Sista, tuwekee kareti!" Nilikuwa nimefundisha shule kabla ya kuingia ofisini, na sauti ya ualimu haikuwa imenitoka.

"Shujaa wenu ana upanga," nikasema. "Nani hapa anaweza kuniambia upanga unatokaje kwenye jiwe?"

Basi nikawaeleza jinsi watu wa nchi hii walivyojenga tanuri la udongo, wakalijaza mkaa na mawe yenye chuma, wakavukuta hewa kwa mivukuto ya ngozi kupitia mabomba ya udongo hadi uchafu wa mawe ukatiririka kama uji na kuganda. Huo uchafu ndio mavi ya chuma. Walicheka, lakini walikuwa wananisikiliza. Nikaweka picha ya bomba lililovunjika.

Mzee mmoja akasimama nyuma, amevaa mabuti ya shamba.

"Irudishe hiyo."

Nikairudisha.

"Mabomba hayo ninayo shambani kwangu Kidodi. Nimevunja mengi sana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ulikuwa unayavunja kwa nini?"

"Nilidhani ndani kuna rupia alizoficha Mjerumani."

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mzee hakuketi. Alibaki amesimama akinitazama, nami nikamwambia mbele ya watu wote kwamba Jumatatu ningekuwa kwake. Filamu ilichelewa siku hiyo, kwa sababu mwenye kibanda mwenyewe alikuwa amekuja mbele kuniuliza hiyo mivukuto ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama gani.

Nilikwenda Kidodi kwa lori lililokuwa linarudi kufuata miwa. Katikati ya shamba la mzee kulikuwa na kichuguu kikubwa, kimechimbwa ubavuni kama jino lililotoboka. Vipande vya mabomba vilitapakaa kila mahali. Nikashuka shimoni. Ukutani mwake, nusu ya tanuri ilikuwa imesimama, nyekundu, imeiva kama tofali. Nilipiga magoti. Picha za tanuri nilikuwa nimeonyesha nyingi, lakini la kugusa kwa mkono wangu hilo lilikuwa la kwanza.

"Trekta linakuja wiki hii kusawazisha," mzee akasema. "Sasa niambie, rupia ziko chini zaidi?"

"Hakuna rupia hapa, mzee. Waliofanya kazi hapa walikufa kabla Mjerumani hajakanyaga nchi hii."

Alikaa ukingoni mwa shimo. "Kwa hiyo nimevunja tanuri la watu."

"Umevunja nusu. Tunayoihitaji ni hiyo nusu nyingine."

"Na mke wangu? Na hawa majirani walionicheka miaka yote? Wakiniuliza nimepata nini, niwaambie nini?"

Ningeweza kumtajia sheria ya mambo ya kale. Niliijua kifungu kwa kifungu. Lakini mtu niliyemtaka pale alikuwa mlinzi, na mshtakiwa hawezi kukulindia kitu.

"Waambie waje. Utawaonyesha wewe mwenyewe."

Aliteremka shimoni. Akaniuliza hewa ilikuwa ikiingilia wapi. Nikamwonyesha. Akaokota bomba lililokuwa zima, akalitia mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote. Vumbi likamrukia usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka.

Trekta lilipokuja, mzee alimwamuru dereva azunguke kichuguu na kuendelea na kazi yake. Jumamosi mwenye kibanda alileta jenereta na kipaza sauti pale shambani, na watu wakajaa hadi kwenye matuta ya miwa. Mzee alieleza mwenyewe. Alikwama, akarudia, akayabatiza mabomba yale jina la "pua za tanuri." Mtu mmoja alipomuuliza kama hajazificha zile rupia, alimwonyesha shimo: "Ingia utafute."

Kisha mama mmoja wa jamii ya wafugaji, aliyekuwa amepita kuuza maziwa, akatua vibuyu vyake.

"Hawa wahunzi wameacha mawe," akasema. "Sisi tunahama na ng'ombe, na nyumba zetu zinaanguka nyuma yetu. Watakaokuja watatujua kwa kitu gani?"

Baadhi ya watu waliguna. Mimi jibu nilikuwa nalo. "Kwa zizi, mama. Samadi ikikaa miaka inageuka kama jivu, na majani yanayoota juu yake huwa tofauti na ya jirani. Anayejua kusoma udongo atasema, hapa ng'ombe walilala."

Akajitwisha vibuyu vyake. "Majani hayo hata ndama wanayajua. Basi njoo kwetu."

Nilikwenda. Alinipeleka mbugani, kwenye duara la nyasi za kijani kibichi kuliko za pembeni, mahali ambapo babu wa mume wake aliwahi kufuga. Akachimba kwa ncha ya fimbo. Udongo ulitoka wa kijivu, laini kama unga. Kabla sijafungua mdomo, aliwaita wakwe zake na watoto, akaanza kuwaeleza kwa lugha yao huku akinyoosha fimbo huku na kule. Nikarudi nyuma hatua chache, nikangoja zamu yangu ya kusema.