Viatu Vibichi vya Boma

Viatu nilivyopewa bomani vilikuwa vyeusi, vya ngozi nene, na vilikuwa jozi moja tu. Niliajiriwa kuwa tarishi wa baiskeli pale Singida wakati wa Mwingereza, nikiwa tayari nina mke na watoto wawili, na amri ya kwanza niliyosomewa haikuhusu barua. Ilihusu miguu. Tarishi wa serikali haingii ofisini peku, wala havui viatu akiwa kazini. Aliyenisomea ni karani mkuu, mtu mwembamba kutoka pwani, ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za vumbi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Bwana Karani."

Kiangazi chote sikupata taabu. Nilikwenda Mtinko na kurudi, vumbi likaingia viatuni, nikavikung'uta mlangoni, basi. Hata nilivipenda. Nikipita kwa wakwe zangu huko Mtinko, shemeji zangu waliviangalia kwanza kabla ya kuniangalia usoni.

Mvua zilipoanza ndipo nilipojua nimevaa nini. Njia ile ina mahali penye udongo mweusi wa mbuga, unaonata kama ugali mbichi. Magurudumu yanakwama, unaibeba baiskeli begani, na wewe mwenyewe unazama hadi magotini. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani viatu vimejaa maji kama vibuyu. Nikayamwaga, nikavisukuma uvunguni. Asubuhi nikavivaa vivyo hivyo, vibichi, kwa kuwa vingine sikuwa navyo. Siku ya tatu mke wangu alisimama katikati ya chumba na ufagio mkononi.

"Baba watoto, kuna panya amekufa humu ndani."

"Si panya," nikasema.

Aliinama, akavitazama uvunguni, akarudi kufagia. Mke wangu ni Mnyaturu mwenye maneno machache, na kule kufagia kwake kuliniuma kuliko kama angecheka.

Nilifanya kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya. Kwanza nilivifungia ndani ya sanduku la mbao ili watoto wasisikie harufu. Nilipofungua, vilikuwa vimeota ukungu mweupe kama unga, na harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma. Kisha nikaviweka karibu kabisa na mafiga, moto ukiwaka. Vilikauka, kweli, lakini ngozi ilijikunyata, na asubuhi mke wangu ilibidi ausukume mguu wangu kwa mikono miwili huku mimi nimeshika mwimo wa mlango. Siku ile nilitembea kama mtu aliyetiwa pingu za miguuni. Mwisho nikapata mafuta ya karafuu kwa mwanamke mmoja muuza manukato pale mjini, nikayamimina ndani. Hapo ndipo vilipoharibika kabisa. Uvundo ulibaki palepale, na karafuu ikaukalia juu.

Ofisini tulikaa chumba kimoja, karani mkuu na mimi, chenye kidirisha kidogo kilichofungwa wakati wa mvua ili makaratasi yasilowe. Meza yake ilikuwa ukutani, benchi langu nyuma ya mlango. Watu wa mashauri waliingia, wakasimama, wakaanza kupepesa macho. Karani alitoa kitambaa, akajiziba pua mbele yao.

"Tarishi, unanuka," akasema. "Serikali imekupa viatu, haikukupa mzoga."

Wazee walicheka kwa adabu, kwa kuwa aliyesema ni karani. Mmoja wao alikuwa jirani wa baba yangu.

Niliwaza kuacha kazi. Niliwaza kila siku, nikiwa juu ya baiskeli, maji yakifanya chapa-chapa kati ya vidole. Lakini mwaka uliotangulia uwele ulikauka shambani, kwetu na kwa wakwe pia, na nyumba tatu zilikuwa zikila unga kwa sababu mimi nilikuwa bomani. Ningekwenda kumwambia nani kwamba ninaacha kazi kwa ajili ya harufu ya miguu? Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa kitandani, nikashusha pumzi, nikauingiza mguu katika ule ubaridi wa utelezi. Hata leo, mzee nilivyo, nikigusa ngozi iliyolowa, mimi huvuta mkono upesi.

Katikati ya mvua zile tukatumwa Misigiri, karani mkuu na mimi, kuandika maneno ya mashahidi katika kesi ya mpaka wa mashamba. Yeye alipanda baiskeli yake, mimi nikafuata na sanduku la makaratasi kwenye keria. Kazi iliisha salama. Tulipokuwa tunarudi, mvua ikashuka tangu asubuhi bila kuvuta pumzi. Tulivuka korongo la kwanza maji yakiwa kiunoni. La pili, mbele yetu, lilikuwa linanguruma, linabeba miti mizima. Tukageuka, tukalikuta lile la kwanza nalo limejaa. Tulikuwa tumefungiwa kati ya maji na maji, na kati yake palikuwa na tembe moja tu, nyumba ya udongo ya paa bapa.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, Mnyiramba kama mimi. Alisimama mlangoni na gunia kichwani.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ingieni. Lakini hivyo vya miguuni vua, utaniletea tope."

Tembe lake lilikuwa linavuja kila mahali isipokuwa chumba kimoja chenye mafiga, na humo ndimo tulimokaa wote watatu, pamoja na mbuzi wanne waliofungwa pembeni. Nikavua viatu. Karani aliuruka ule uvundo kama mtu aliyekanyaga nyoka.

"Vitupe nje!"

"Ni mali ya serikali, Bwana Karani."

"Basi viweke chini ya upenu, mbali."

Nikaviweka nje. Yeye viatu vyake hakuvivua. Alikalia sanduku la makaratasi, magoti pamoja, akasema kwamba mtu wa ofisi hawezi kukaa peku. Bibi hakujua Kiswahili kingi, lakini alimtazama miguuni muda mrefu.

Siku ile ikapita na mvua. Ya pili ikaja na mvua. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Nikitoka ninaona maji upande huu, nikizunguka ninaona maji upande ule, ninarudi kukaa juu ya ngozi ya ng'ombe na kuwasikiliza mbuzi wakitafuna. Na harufu ilikuwa mle ndani. Hilo lilinishangaza polepole. Viatu vyangu vilikuwa nje, miguu yangu niliiosha mara mbili, na bado harufu ile ile, tena nzito zaidi, ilikuwa imejaa chumbani. Nilijinusa mikono. Nikanusa ngozi niliyokalia. Kisha nikaelewa, nikaogopa kuwa nimeelewa.

Mchana bibi aliweka mwiko chini, akasema jambo kwa Kinyiramba.

"Anasema nini?" karani akauliza.

"Anasema chumba kina unyevu."

"Usinidanganye. Sema alivyosema."

Nikatazama moto. "Anasema viatu vya mjukuu wake viko nje tangu jana. Basi kinachonuka ni nini?"

Karani alikaa vile vile juu ya sanduku, uso umemng'aa jasho ingawa palikuwa na baridi. Nilidhani atanifukuza kazi palepale. Badala yake alisema kwa sauti ndogo, bila kunitazama, "Njoo unisaidie kufungua."

Kamba za viatu vyake zilikuwa zimevimba, fundo limekuwa jiwe. Nilipiga magoti, nikalichokoa kwa msumari niliokuwa nao mfukoni kwa ajili ya baiskeli. Kiatu cha kwanza kilipotoka bibi alifumba macho. Soksi ilikuwa imegandamana na mguu. Tuliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, tukaivuta kidogo kidogo, naye aliuma kitambaa chake kilekile cha kujizibia pua. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, ngozi kati yake imepasuka na kutoa maji. Kisiginoni palikuwa na kidonda kikubwa kama ganda la karanga.

"Tangu lini, Bwana Karani?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Hukwenda kwa daktari?"

"Daktari angeandika. Angeandika kwamba sifai, nami nina mama na dada zangu kule pwani wananitegemea. Nimeomba uhamisho mara ngapi! Kila barua inarudi. Unadhani nimependa kukaa hapa? Nimefungwa hapa, tarishi, kama mbuzi hawa."

Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Nilikuwa nakusema wewe ili wasininuse mimi."

Nilikuwa bado nimeushika mguu wake. Hasira ilinipanda, naungama. Nilimkumbuka yule jirani wa baba yangu akicheka. Nilitaka kuuachia ule mguu chini nitoke nje. Lakini nje palikuwa na nini? Maji. Na mguu ulikuwa wa moto mkononi mwangu, una homa. Nikaendelea kuushika.

Bibi ndiye aliyetuongoza. Hakuuliza nani ni mkubwa wa nani. Alichota chumvi ya ziwa kutoka kwenye kibuyu, akaitia katika maji ya vuguvugu, akamwambia karani, mimi nikitafsiri, aloweshe miguu, kisha aikaushe kwa kitambaa, kidole kwa kidole, na kuinyoosha karibu na mafiga bila kuifunika. Mimi alinituma nilete viatu vyangu. Akainusa ile karafuu, akaingiza mkono ndani, akavuta ile ngozi nyembamba ya chini, inayokaliwa na unyayo, akanionyesha.

"Uvundo unalala hapa," akasema. "Wewe ulikuwa unafukiza nyumba, mwizi yuko chini ya kitanda."

Tukazitoa ngozi zile katika viatu vyote vinne, tukazisugua kwa maji ya chumvi. Ndani tukafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, si kumwaga maji. Kisha akachukua majivu yaliyopoa nusu, ambayo mkono unaweza kuyavumilia, akayachanganya na mkaa uliopondwa, akayafunga katika matambara kama vifurushi vya tumbaku, tukavisokomeza hadi kwenye ncha za viatu. Nilitaka kuvisogeza motoni. Akanipiga kofi mkononi.

"Utaviua. Kiatu kinataka joto la kuku juu ya mayai, hakitaki moto."

Akavitundika darini, juu kabisa, midomo ikielekea chini, ambako moshi na uvuguvugu hufika lakini mwali haufiki. Kila vifurushi vilipopata unyevu tulivibadilisha: asubuhi, mchana, jioni. Majivu yaliyotoka yalikuwa yameloa kama uji. Ajabu ni jinsi maji mengi yanavyoweza kujificha ndani ya ngozi.

Siku ya tatu mvua ilipungua lakini makorongo hayakupungua. Tulikaa watatu, miguu peku, karani akiwa ameazima kipande cha shuka cha bibi. Mara moja karani aliniuliza watoto wangu wana umri gani. Nilimjibu. Akasema yeye hakuoa, kwani nani angemfuata Singida? Jioni bibi alishusha kiatu kimoja, akakinusa, akanipa. Kilinuka moshi na mkaa. Chini kabisa bado palikuwa na kitu kidogo, kama mtu anayeongea chumba cha mbali, lakini kilikuwa kikavu. Akanipa mafuta ya nyonyo nikayapaka nje hadi ngozi ikalegea, na mguu wangu ukaingia bila kusukumwa. Sikuona aibu kwamba machozi yalinilengalenga.

Siku ya nne asubuhi maji yalikuwa yamerudi kiunoni. Bibi alitufungia majivu katika kitambaa. Karani, mtu wa pwani aliyejua kuamkia lakini hakuwahi kumwamkia mtu wa huku, alisimama mbele yake akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kavue viatu ukifika kwako," akasema, nami nikamtafsiria.

Tulivuka viatu vikiwa shingoni. Tuliendesha peku sehemu kubwa ya njia, matope yakikaukia vifundoni, na nadhani zile ndizo saa nzuri za mwaka ule. Tulipoona mapaa ya mji karani akafunga breki.

"Vaa," akasema.

Tukakaa pembeni ya njia, tukavaa.

Hakunisema tena mbele ya watu, lakini pia hakuwaambia watu ukweli, wala mimi sikuusema. Benchi langu lilibaki nyuma ya mlango. Tulichofanya ni hiki: asubuhi za mvua nilifika kabla ofisi haijafunguliwa na kopo la majivu kutoka jikoni kwangu, na tulipobaki wawili tulivua viatu nusu saa, tukatia vifurushi, kila mtu amegeukia ukuta wake. Kidonda chake kilipona polepole. Uhamisho wake haukuja. Nilipokuwa nikipeleka mfuko wa barua niliziona bahasha zake zikienda, na nyingine zikirudi, nikamwekea mezani.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia nilitumwa tena Misigiri, nikapita kwa bibi na kumpelekea chumvi ya ziwa. Nilimkuta anapepeta uwele nje.

"Yule mwenzako mwenye miguu," akauliza, "bado yuko kule?"

"Bado, bibi."

"Na wewe?"

"Na mimi bado."

Alitikisa kichwa, akaendelea kupepeta, kisha akaingia ndani akanitolea karanga za kuwapelekea watoto. Upande wa Iramba wingu lilikuwa limeshaanza kuwa jeusi. Nikamuaga, nikakaa juu ya jiwe, nikavaa viatu vilivyokuwa shingoni, nikavuta kamba hadi mwisho.